Kokoto za Mraru

Watu wa Voi wakianza kuisifu barabara mpya mbele yangu, mimi hutafuta kazi ya kufanya. Huinuka nikapepeta mahindi ambayo yalishapepetwa. Wanasema lori linaondoka Voi asubuhi na kufika Taveta kabla jua halijakaza. Wanasema hata mvua ya Novemba haiwezi kulikwamisha. Yote ni kweli. Barabara imenyooka, imeinuliwa juu ya tope, na malori mawili yanapishana bila moja kuingia miibani. Lakini mimi najua imetengenezwa kwa kitu gani. Mume wangu Zephaniah anajua zaidi yangu, na ndiyo sababu akienda Voi hupita pembeni, ndani ya miiba hiyohiyo, huku wenzake wakitembea juu na viatu vyao mkononi.

Nitaanza na mama yake, kwa kuwa haya yote ni yake. Aliitwa Wakesho. Nilipoolewa hapa kijijini Mraru nilimkuta mwanamke mfupi, mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi, na hakuna siku aliyonifanya nijione mgeni. Hakubatizwa. Mwalimu Danson, aliyeliongoza kanisa letu, alimfuata miaka mingi na kitabu chake kwapani. Mama alimkaribisha, akampa ndizi za kuchemsha, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Na huko mbinguni, mwalimu, Mwadime wangu yuko?"

Mwalimu Danson alikuwa mtu mkweli, kwa hiyo alikohoa.

"Basi niache nilipo," mama akasema, akamwongezea ndizi.

Mwadime alikuwa mumewe, baba yake Zephaniah. Alifariki kabla sijaolewa. Na jambo moja tu ndilo mama alilolitaka hapa duniani, akamwambia kila mwenye masikio: akifa, awekwe mwambani, karibu na Mwadime.

Nieleze kwa wasio wa kwetu. Zamani mtu mzima wa Kidawida, yaani kwetu sisi Wataita, akifa alizikwa, na mwili ulipokwisha kuliwa na udongo watu wa ukoo walimfukua, wakachukua kichwa, wakakiosha, wakakipeleka pangoni kikae na baba zake. Wageni husikia habari hii wakashika vifua. Sisi hatukuona cha kushika kifua. Wale walikuwa wazee wetu, wamekaa mahali pao, wanatutazama tukilima. Mwamba wa ukoo wa mume wangu ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, juu ya shamba la mihogo. Chini yake palikuwa na pango fupi, na ndani yake vichwa vilipangwa juu ya jiwe, uso nje. Mwadime alikuwa wa mwisho mkono wa kulia, na ubavuni mwake paliachwa nafasi. Aliiomba mwenyewe kabla ya kukata roho, na wanawe wakakubali wote.

Mwamba huo ndio mama alioelekea alipotaka kutasa. Kwetu hasira ya mzazi si mchezo. Mama akimkasirikia mwanawe na kunyamaza nayo, hasira ile humla mtoto polepole. Basi mama huchukua pombe ya miwa, akajaza mdomo, akawaelekea wakubwa wake waliolala, akapuliza ile pombe ikatoka kama umande, na akasema: kama nina hasira na mwanangu, na itoke, apone, alale. Hiyo ndiyo kutasa. Nilimwona akifanya hivyo mwaka ambao Zephaniah alibatizwa bila kumwambia. Alikasirika wiki nzima. Kisha asubuhi moja akatoka na kibuyu, akauelekea mwamba, akapuliza. Aliporudi alikuwa anacheka na kuuliza kama uji umeiva.

Sasa upande wa pili. Zephaniah alipanda haraka kanisani. Akawa mzee wa kanisa, mwenye koti jeusi na sauti ya kuanzishia nyimbo. Na kanisa lilikuwa na sheria: Mkristo akionekana pangoni na sadaka ya pombe anaondolewa kwenye meza ya Bwana na kukalishwa benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali kuku wanapochungulia. Mume wangu aliwahi kuwakalisha watu huko yeye mwenyewe. Niliwaona wakikaa, watu wazima na mvi zao, wanatazama sakafu.

Lakini pombe ya miwa haijitengenezi. Nani anaikamua? Ni mke. Mimi nilikuwa najua ni lini kibuyu kinatoka nyumbani kwangu kikiwa kizito na kurudi chepesi, maana Zephaniah aliondoka nacho chini ya koti akisema anakwenda kukagua mihogo. Lois, mke wa shemeji yangu Josephat, alijua cha kwake. Mtoni tulikuwa tunaulizana, "Wako amekagua mihogo?" na kucheka hadi ndoo zinamwagika. Kila mwanamume wa ukoo ule alikuwa anakwenda kwa baba zake kwa kujificha, na kila mmoja alidhani mnafiki wa Mraru nzima ni yeye peke yake. Tulicheka, naam. Hatukujua kicheko kile kitatutokea puani.

Mwaka wa hamsini na sita akaja Mzungu wa barabara. Tulimwita Bwana Vigingi, kwa sababu kila alipopita aliacha kigingi chenye rangi nyekundu. Alikuwa mrefu, ameungua pua, na alikuwa na darubini ya miguu mitatu aliyoichungulia kutwa. Alisema serikali inataka barabara kubwa kutoka Voi hadi mpaka wa Tanganyika, si ile njia ya tope iliyomeza mabasi kila masika. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Nilikuwa nimemwona jirani yangu akijifungua ndani ya lori lililokwama, na wanaume wamegeuka kando wakijidai wanasukuma. Nani asingeitaka barabara?

Barabara ilitaka mawe. Bwana Vigingi aliyaona mawe mahali pawili. Pa kwanza ni mwamba wetu. Pa pili ni kilima ng'ambo ya korongo, mbali kidogo, upande wa Mwatate. Akapanda vigingi kote kuwili, na nyapara wake akabaki kwetu kupiga kambi. Nyapara aliitwa Kimeu, Mkamba wa kutoka bara, mtu mpole mwenye kofia iliyotoboka. Jioni alikuja kununua mihogo kwangu, na siku moja akaniambia kitu bila mimi kumuuliza.

"Mama, sikiza. Huyu bwana si mbaya. Kule tulipotoka alikuta makaburi ya watu, akaambiwa, akang'oa vigingi, akapitisha barabara kando. Hataki shida ya wafu. Kama mko na kitu hapo juu, wazee waseme tu. Hata hasira hatakuwa nayo."

Nilimwambia Zephaniah jioni ileile, akiwa bado anavua koti. Alikaa kitandani na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

"Atauliza mbele ya nani?" akasema.

"Mbele ya wazee. Mbele ya Mwalimu Danson."

Akavaa koti tena, kama mtu aliyesikia baridi.

Bwana Vigingi akauliza. Aliwakusanya wanaume chini ya mwamba na Kiswahili chake cha Kizungu: "Hapa iko kaburi? Iko kitu ya wazee? Sema sasa." Mwalimu Danson alikuwa amesimama hapo na kitabu chake. Wanaume wakatazama vidole vya miguu. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Kama mmoja angefungua mdomo, wote wangemfuata, nawajua. Lakini wa kwanza kusema angekuwa amekiri kwamba anajua kilichomo pangoni, na benchi la nyuma lilikuwa linamsubiri. Wakamtazama Zephaniah, kwa sababu ndiye mkubwa wao.

"Hakuna kitu, bwana," mume wangu akasema. "Ni mawe tu."

 Asubuhi nikamfuata Josephat shambani kwake nikamwambia, "Shemeji, mkaseme. Wewe unakwenda, kaka yako anakwenda, nyote mnakwenda. Mnamficha nani?" Josephat akaruka kama mtu niliyemmwagia maji ya moto. Akasema yeye ameokoka, na tafadhali nisimtukanie kaka yake, mtu wa Mungu kama yule. Nikarudi kwa Zephaniah nikamwambia mdogo wake naye huenda. Akanikazia macho: "Usimchafue Josephat. Yule hata jina la pango hawezi kulitaja." Nilitamani kuwagonganisha vichwa wale ndugu wawili. Ninajuta sikuwa na nguvu za mikono.

Ndipo nilipokwenda kwa Kimeu, nikamwambia yote bila kuuma maneno. Pango, vichwa, Mwadime, nafasi ya mama. Aliisikiliza habari yote akiwa ameivua kofia. Akasema atamwambia bwana arudi kuuliza tena, ila wazee wasimwaibishe.

Zephaniah alipopata habari kwamba bwana anarudi, alinituma Voi nikauze kuku. Kuku wenyewe walikuwa bado wanataga. Nilikwenda, kwa kuwa sikujua ni siku ile. Yaliyotokea niliyapata kwa Lois, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanaume na mtungi wa maji ya wageni.

Lois anasema Bwana Vigingi alifika, akasema amesikia iko vichwa vya watu ndani ya mwamba, je, ni kweli?  Ndipo mama Wakesho alipotoka nyumbani. Alikuwa amevaa ushanga wake wote na amejipaka mafuta. Alipita katikati ya wanaume, akasimama mbele ya Mzungu, akasema naye kwa Kidawida, maana Kiswahili hakukijua zaidi ya kuuza mayai. Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. Alisema, "Bwana, pale juu amekaa mume wangu Mwadime. Amekaa na baba yake na babu zake. Mimi nimeachiwa nafasi karibu naye. Barabara yako ni nzuri, ichukue mbele, chukua mawe ng'ambo, hata shamba langu la mihogo lichukue. Pale tu uniachie." Na akanyoosha mkono akauonyesha mwamba.

Lois anasema wanawake walikuwa wanalia. Mzungu akavua kofia. Akamgeukia Zephaniah: "Mama nasema nini?"

Zephaniah alimtazama mama yake. Kisha akamtazama Mwalimu Danson, aliyekuwa amekuja amechelewa, amesimama mbali, asikoweza kusikia vizuri, ndiyo kwanza anajongea. Na mume wangu, kati ya wanawe ndiye pekee aliyenyonya hadi akajua kusema, akafungua mdomo wake.

"Anasema pale pana nyoka wengi, bwana. Anashukuru sana mkiuondoa mwamba ule."

Bwana Vigingi akacheka, akashusha pumzi. Akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa. "Ndiyo mama. Sisi taondoa. Asante."

Nilimuuliza Lois, "Na wewe ulikuwa unafanya nini?" Akasema alifungua mdomo, na Josephat akamkanyaga mguu hadi mtungi ukamponyoka. Vigae vyake nilivikuta pale chini.

Niliporudi kutoka Voi jioni ile mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi na kuimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu masika. "Njoo, mwanangu, keti," akaniambia. "Nimesema na Mzungu. Watu wanasema hawana adabu, wanasema uongo. Yule amenivulia kofia. Amenishika kwa mikono miwili." Akanionyesha alivyoshikwa. "Na Zephaniah amenisemea vizuri. Nilimwona uso. Lilikuwa jambo zito kwake, lakini amenisemea."

Nilikwenda kwa Lois kuuliza ilikuwaje, nikayasikia haya niliyoyaandika. Nikarudi nikamwambia mama ukweli. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia neno kwa neno. Hakukasirika. Aliniwekea mkono kichwani.

"Mke na mume hugombana," akasema. "Nawasikia. Lakini usimseme mwanangu jambo kubwa namna hiyo, Tryphena. Si vizuri. Mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa Voi."

Nilirudi kwa Kimeu. Bwana alikuwa ameondoka na ramani zake kwenda Nairobi, na wafanyakazi walikuwa wameanza kutoboa mwamba upande wa juu, mbali na pango. "Bwana ameuliza mara mbili, mama," Kimeu akasema, na uso wake haukuwa na raha. "Ameambiwa mama mzee mwenyewe amekubali. Nikimpelekea mara ya tatu ataniuliza kama niko na akili."

Ikabaki njia moja. Nilimkalisha Zephaniah nikamwambia, "Umesema ulichosema. Basi kawatoe. Kabla hawajawasha baruti, chukueni kikapu wewe na Josephat, muwahamishe wazee, muwapeleke hata chini ya kitanda changu, sijali." Alilia. Kweli alilia, na nilimwonea huruma, ingawa sikutaka. Akasema ataamka alfajiri na kwenda peke yake, kwa sababu Josephat asingeelewa.

Alikwenda. Alibeba kikapu kikubwa kilichotandikwa majani ya ndizi. Nilimngoja mlangoni. Jua lilipochomoza akarudi, na kikapu kitupu.

Sikumtoa neno. Lois ndiye aliyenijulisha mtoni, kwa maana Josephat naye alirudi nyumbani asubuhi ileile na kikapu kitupu. Wale ndugu walikutana chini ya mwamba, kila mmoja na kikapu chake na majani yake ya ndizi. Wakasimama.

"Natafuta mbuzi," Zephaniah akasema.

"Hata mimi," akasema Josephat.

Wakatafuta. Walizunguka mwamba mzima wakiita mbuzi, kaka huku, mdogo kule, na hakuna nyumba kati ya zetu mbili iliyokuwa na mbuzi hata mmoja, wote walikwisha kwa kiangazi. Kisha wakaagana kwa heshima, wakarudi. Lois aliponieleza sikucheka, wala yeye hakucheka. Tulikaa juu ya mawe ya mto, na maji yakapita.

Kila mmoja wao aliapa kurudi siku nyingine. Siku nyingine ikawa siku ya baruti.

Walitupigia filimbi mchana, wakatundika kitambaa chekundu, wakatuhamishia upande wa kanisa. Kimeu mwenyewe alikuja kumchukua mama kwa mkono, na mama akaenda naye vizuri tu, akimtania kuhusu kofia. Alipofika alijitafutia kijiwe akakaa. Alikaa ameupa mwamba mgongo. Alikuwa ameelekea ng'ambo ya korongo, upande wa Mwatate, kwa kuwa huko ndiko alikoamini watavunja, na alitaka kuona; kugongagonga kule mwambani kwetu alijiambia ni kupima tu. Nilisimama nyuma yake. Nilitaka kumgeuza na sikujua nitamgeuza na kumwambia nini ambacho nilikuwa sijamwambia.

Mlio ukatoka nyuma yake.

Hakugeuka mara moja. Kwanza alitazama kilima cha ng'ambo, akaona kimesimama vilevile. Alikitazama kwa muda. Kisha vumbi likatufikia, likatupita, likamwangukia kichwani na mabegani, na ndipo alipogeuka.

Wanaume walikuwa wameshaanza kukimbia. Hawakungoja filimbi ya pili. Zephaniah, Josephat, na wengine wote wa ukoo, wenye makoti na wasio na makoti, walikimbilia mawe yale wakiita baba zao kwa majina. Josephat alipiga magoti akachimba kwa mikono. Zephaniah alikuwa anaita, "Baba! Baba!" kwa sauti ileile ya kuanzishia nyimbo. Wakatazamana. Pale, katikati ya vumbi, kila mmoja aliona machozi ya wenzake, akaelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha. Nilimwona Josephat akimshika kaka yake shati na kumtikisa, "Wewe pia? Wewe pia?"

Mwalimu Danson alifika anahema. Alipoambiwa, alikaa chini juu ya jiwe la moto.

"Kwa nini hamkuniambia kwamba bado wamo?" akasema. "Mimi nilikataza pombe. Sikusema wavunjwe. Hata mama yangu yuko kwenye pango la kwao, kule juu mlimani. Ningemwambia bwana mimi mwenyewe."

Wanaume wakarudi kuchimba. 

Hawakupata kitu cha kukusanya. Vipande viwili vitatu, na huwezi kujua ni vya nani. Mashine ilikuja ikasaga, na wanawake wa mbali wakaajiriwa kugonga kilichobaki kwa nyundo. Malori yakachukua. Mwamba wetu ulitandazwa kutoka Voi kuja hapa, na kutoka hapa kwenda Taveta, ukashindiliwa kwa mtambo wa gurudumu la chuma, na juu yake ikamwagwa changarawe nyekundu. Bwana Vigingi aliporudi kutoka Nairobi, Kimeu alimweleza. Alikuja mpaka kwetu, akasimama uani na kofia mkononi. Alimwambia Zephaniah, "Mimi liuliza wewe. Mara mbili liuliza wewe." Hakugombeza. Ingekuwa heri angegombeza.

Mama hakulia. Hakumwambia Zephaniah neno, si zuri wala baya. Alikuwa akimwona anaingia, anamsogezea kigoda, basi. Sisi wote tulijua maana ya kimya kile, na yeye zaidi. Zephaniah akaanza kukonda. Kifua kikamshika, nyimbo zikamshinda, akawa anashtuka mchana kweupe. Alikwenda mwenyewe akakaa benchi la nyuma, ingawa Mwalimu Danson alimsihi asifanye hivyo. Mama naye alikuwa anapungua. Alikula kidogo ili nisihuzunike, kisha hata hicho akakiacha. Barabara ilipofunguliwa kwa bendera na pilau alikuwa hawezi tena kusimama bila kushikwa.

Asubuhi moja Zephaniah alikuja kutoka shambani amebeba miwa. Aliikamua mwenyewe, uani, mbele ya kila mpita njia, kazi ambayo mwanamume wa kwetu haonekani akiifanya. Akaiacha ichachuke. Siku ilipokuwa tayari aliijaza kwenye kibuyu, akavaa koti lake jeusi la kanisa, akakibeba mkononi, si chini ya koti. Josephat alikuja. Mwalimu Danson alikuja akasimama kando ya ua, hakumzuia. Tulimtoa mama nje na kumkalisha kwenye kigoda, mimi nikimshikilia mgongo.

Zephaniah akapiga magoti. "Mama," akasema, "nilikugeuza maneno. Ulisema la mume wako, mimi nikasema nyoka. Niliwaogopa watu. Sina la kujitetea. Nakuomba uniondolee hasira. Tasa kwa ajili yangu, mama."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vumbi. Alinyoosha mkono akampapasa shavu lililobonyea, na nikadhani moyo wangu utapasuka kwa furaha, kwa sababu niliona kwamba alikuwa anataka. Ninaapa alikuwa anataka. Hakuna mama aliyetaka jambo kuliko alivyotaka yeye saa ile.

"Nipe," akasema.

Akakishika kibuyu kwa mikono miwili. Kabla ya kunywa akauliza, kwa sauti ndogo ya kawaida, kama anayeuliza chumvi iko wapi, "Nielekee wapi?"

Kisha akajaza mdomo, akangoja, mashavu yamejaa, macho juu ya mwanawe, ili amwonyeshe pa kuelekea.

Zephaniah aligeuka kuelekea nyuma ya nyumba. Palikuwa na shimo jeupe na anga. Akageuka upande wa Voi, ambako lori lilikuwa linakuja. Akageuka upande wa Taveta, na barabara ilikuwa imenyooka hadi macho yanapoishia. Aliinua mkono wake kidogo, akaushusha. Akauinua tena. Lori likatupita kwa kishindo, na mkono wake ulikuwa bado hewani haujaonyesha popote.

Mama alingoja muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu mgonjwa anaweza kungoja.

Akameza.

Nilimpokea kibuyu, nikampangusa mdomo kwa ncha ya leso yangu, nikamrudisha ndani akalale.